Bamvua, Maji Mafu na Udongo wa Meru

Mito ya Themi, Nduruma na Usa huteremka kutoka Mlima Meru na kuingia Kikuletwa. Kikuletwa na Ruvu hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto huitwa Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Arusha anayedhani kuwa msamiati wa kupwa na kujaa ni wa watu wa pwani peke yao hajajiuliza udongo wa kwao ulikuwa ukienda wapi.

Neno pwani lenyewe ni kitenzi -pwa na kiambishi cha mahali -ni: mahali maji yanapopwa. Kitenzi hicho kimo katika kamusi ya Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882. Wenyeji wa pwani, hata hivyo, hawakutosheka na kupwa na kujaa. Maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu waliyaita bamvua. Yale madogo ya kati wakayaita maji mafu. Jina hili la pili laweza kudhaniwa kuwa tamathali tu, kumbe ni maelezo sahihi.

Chembe laini za udongo huelea katika maji baridi. Zikikutana na chumvi hushikamana, zikawa nzito na kuanza kuzama. Siku za bamvua mkondo mkali huchimbua tope sakafuni, maji yakachafuka. Siku za maji mafu mkondo hulegea na tope hutua. Tena, pale maji yanapojaa upesi kuliko yanavyopwa, bahari hupandisha mtoni tope jingi kuliko inaloteremsha. Mto wenye nguvu, hasa wakati wa masika, ndio unaoweza kulirudisha baharini.

Nguvu hiyo imepungua Pangani. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, huzuia udongo wa milimani, na mashamba ya juu hutumia maji mengi. Chumvi nayo imepanda mtoni. Mabadiliko haya yaweza kuelezwa kikamilifu kwa Kiswahili, na maneno yake ni ya zamani kuliko bwawa. Lakini jiografia ya sekondari nchini kwa kawaida imefundishwa kwa Kiingereza, na kijana wa Arusha aweza kufaulu mtihani wake pasipo kukutana na neno bamvua hata mara moja.