Kiti cha dirishani: Mlima Kenya uko upande gani?

Leo tuweke kando habari za programu, tuongee historia kidogo. Hesabu itakuwemo, msijali. Swali ni hili: ukipanda ndege uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Mbuga ya Wanyama ya Meru, ukae upande gani ili uuone Mlima Kenya?

Turudi nyuma kwanza. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alikuwa Kitui, Ukambani. Kutoka huko, umbali wa zaidi ya kilomita 150, aliona vilele viwili vyeupe vimesimama kama pembe. Jina alilolisikia kwa Wakamba aliliandika Kenia, na leo ndilo jina la nchi nzima.

Krapf hakuishia kutazama. Aliwauliza Waembu aliokutana nao. Walimwambia mlima huo wanaujua vizuri, ila hawapandi juu sana kwa sababu ya baridi kali na kitu cheupe kinachoporomoka kwa kishindo. Krapf akaelewa: hiyo ni barafu.

Kule Ulaya wakamcheka. William Desborough Cooley wa London, msomi wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Joseph Thomson aliuona mlima kutoka Laikipia mwaka 1883, na J. W. Gregory akaifikia barafu yenyewe mwaka 1893. Miaka 44 imepita hapo, kwa jambo ambalo Mwembu yeyote angekuonyesha kwa kidole! Kumbe shida haikuwa macho. Shida ilikuwa ni nani anayeaminiwa.

Haya, hesabu sasa. Simama Nairobi, uelekee kaskazini, hiyo ni nyuzi 0. Kilele cha Batian (mita 5,199) kiko kama nyuzi 24 kuelekea mashariki. Mbuga ya Meru iko kama nyuzi 40. Kanuni ni rahisi: namba ya mlima ikiwa ndogo kuliko ya safari, kaa kushoto, ikiwa kubwa, kaa kulia. 24 ni ndogo kuliko 40, kwa hiyo kaa kushoto. Kurudi Nairobi, kaa kulia. Ukienda Addis Ababa, safari iko kama nyuzi 10 tu, basi mlima utakuwa kulia. Hii ni njia iliyonyooka. Rubani anaweza kuzunguka akikwepa mawingu.

Ukiwa kushoto utapita karibu na mji wa Embu, kisha mteremko wa Chuka na Meru, na mwishoni vilima vya Nyambene. Aliyekaa kulia naye hakosi kitu: ataliona bwawa la Masinga kwenye mto Tana, lililokamilika mwaka 1981. Usiogope bawa. Ndege kama Cessna Caravan bawa lake liko juu ya madirisha.

Chagua safari ya asubuhi. Kilele huwa wazi alfajiri, na mara nyingi mawingu hukifunika kabla ya saa sita mchana. Tena asubuhi jua linakuwa upande wa kulia wa ndege, hivyo linaumulika mlima unaoutazama badala ya kukuchoma macho.

Na usikawie miaka mingi. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na wataalamu wanatarajia barafu ya mlima huu iishe karibuni. Kile kitu cheupe ambacho Waembu walimweleza Krapf, na Ulaya ikakataa kusadiki, watoto wetu huenda wakakisikia kama hadithi tu, nao pia wasisadiki. Wapeleke wakakione, na uwaachie wao dirisha la kushoto.