Sapeur: Neno la Mtanashati na Siasa ya Tai

Katika mitaa ya Bacongo mjini Brazzaville, na ng'ambo ya mto kule Kinshasa, mwanamume avaaye suti ya thamani huku soksi zikioana na tai huitwa sapeur. Wengi wetu tukimwona pichani hucheka, kisha huuliza: huyu anakula nini? Swali ni halali. Hata hivyo, neno lenyewe lina historia nzito kuliko kicheko chetu.

Katika Kifaransa sanifu, sapeur ni askari wa kuchimba mahandaki na kubomoa ngome. Katika Kifaransa cha mitaani, sape ni mavazi. Wakongo walilichukua neno hili la mitaani na kulivika joho la kifupisho: Société des Ambianceurs et des Personnes Élégantes, yaani Jumuiya ya Wapenda Starehe na Watu Watanashati. Masimulizi yao humtaja kama babu yao André Matsoua, aliyeanzisha chama cha Waafrika mjini Paris mwaka 1926 na kufia kizuizini mwaka 1942. Kwamba watanashati walimchagua mpinzani wa ukoloni kuwa mhenga wao si jambo dogo.

Upande wa Zaire, Mobutu alipiga marufuku suti na tai katika miaka ya 1970 kwa jina la kurejea uhalisi wa Kiafrika. Badala yake likaja abacost, jina lililofinyangwa kutokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti na ianguke". Hapo ndipo mavazi ya Papa Wemba na vijana waliomfuata yalipopata makali. Dola ikishaamuru shingo ya raia ivae nini, fundo la tai huwa hoja. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na katika hotuba hiyohiyo akairuhusu tai. Vyama na tai vilifunguliwa siku moja!

Sikubaliani, hata hivyo, na wanaomfanya kila sapeur kuwa shujaa wa ukombozi. Wapo wanaovaa viatu vya bei ya kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, na wanaoilipa bei hiyo ni wake na watoto.

Nasi Tanzania tuna brazameni, neno la dhihaka. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliamua, kupitia Operesheni Vijana, kupiga vita sketi fupi na suruali za kubana. Chou En-lai sute, vazi la viongozi wetu wa enzi hiyo, haikuguswa, ingawa nayo ilitoka ng'ambo.