Kapteni Merker, Looa na Chimbuko la Wema

Mwaka 1904 Moritz Merker, kapteni wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, alichapisha kitabu kuhusu Wamasai. Aliandika humo habari za uumbaji, kosa la watu wa kwanza, gharika na amri za Mungu, kisha akadai kwamba Wamasai na Waebrania wana chimbuko moja. Hadi leo wapo wanaomtaja wakitaka kuthibitisha kwamba wema na uovu ni fikra moja ya binadamu wote.

Hoja hiyo sina subira nayo. Merker alipoona mfanano alitafuta undugu wa damu, kana kwamba mzee wa Ngorongoro hawezi kujua ubaya wa kuua mpaka babu yake awe ametoka Mashariki ya Kati. Wairaqw, majirani wa Wamasai, nao hawakupona. Mwanaanthropolojia Ole Bjørn Rekdal alionyesha mwaka 1998 jinsi dhana ya wasomi kwamba walitoka Mesopotamia ilivyogeuka kuwa simulizi la mapokeo, ikisemwa kama urithi wa mababu.

Masimulizi ya Wamasai aliyoyakusanya A. C. Hollis, afisa wa kikoloni wa Uingereza, yaliyotoka mwaka 1905, yana uzito zaidi. Humo Wamasai wana mungu mweusi, mwema, na mungu mwekundu, mkali. Watu wanapokufa njaa, mweusi anaomba wapewe mvua. Mwekundu anakubali, lakini baada ya muda anataka ikatwe. Radi ikipasuka karibu, ni mwekundu anayetaka kuwaua watu. Ikinguruma mbali, ni mweusi anayemzuia. Ni mafundisho ya wafugaji wanaokodolea macho anga la kiangazi.

Sasa shuka Karatu. Kwa Wairaqw, Looa ni wa kike, anahusishwa na jua, naye ni mwema. Madhara hutoka kwa neetlaang', roho wanaokaa kwenye vijito na chemchemi. Kule Umasaini wema ni wingu jeusi la mvua. Huku ni jua, na hatari imo majini. Merker angesemaje mbele ya majirani hawa wawili? Wote wanatenganisha jema na baya, ila kila mmoja amejipangia ulimwengu wake.

Ukweli nao, kama wema, una mahali pake. Katika slufay, sala ndefu ya Wairaqw, mzee husema na waliokusanyika humwitikia. Neno la mmoja huwa la wote kwa kuitikiwa. Masimulizi ya Kiiraqw aliyoyakusanya mtafiti Paul Berger katika miaka ya 1930 yalichapishwa mwaka 1998 tu, na wanaojadili maadili ya nyanda hizi huyapita bila kuyagusa. Inanisikitisha, maana Merker hawakosi kumsoma.

 Mwisho nafika Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Mwaka 2016 H. Clark Barrett na wenzake walichapisha utafiti katika jamii kumi, Wahadzabe hao wakiwemo, wakiuliza kama nia ya mtenda kosa inabadili hukumu. Kila mahali sababu za mtenda zilihesabiwa kwa kiasi fulani, lakini kiasi hicho kilitofautiana sana. Wahadzabe hawakuhitaji kuwa wa ukoo mmoja na watu wa Los Angeles, waliohojiwa pia, ili wote waulize swali la nia.