Kutoka Kiti Kitupu hadi Amana: Historia ya Utafiti wa Fedha, Uongozi wa Mashirika na Mwenendo Kazini nchini Uganda

Mwaka 1995 jarida la Applied Psychology lilichapisha makala ya mwanasaikolojia wa Uganda, John C. Munene, kuhusu mwenendo wa wafanyakazi nchini Nigeria. Jina la makala hiyo, "Not-on-seat", lilitokana na usemi wa maofisini nchini humo: mwananchi afikapo kumtafuta afisa, huambiwa kwamba afisa hayupo kitini. Ameajiriwa, analipwa, ila kiti ni kitupu. Munene alikiunganisha kiti hicho na dhana iliyokuwa imepewa umbo na Mmarekani Dennis Organ katika kitabu chake cha 1988, yaani mambo mema ambayo mfanyakazi huyatenda bila kutakiwa na mkataba na bila kulipwa ziada. Organ aliandika kutoka katika jamii ambamo kuwapo kazini kulichukuliwa kuwa jambo la kawaida. Munene aliandika kuhusu mahali ambapo kuwapo kwenyewe kulihitaji kuelezwa.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha historia inayofuatiliwa hapa. Miongo miwili baadaye, jina la Munene linaonekana tena, safari hii pamoja na George Okello Candiya Bongomin na Joseph Mpeera Ntayi, katika tafiti kuhusu huduma za fedha kwa watu wa vijijini Uganda. Msomaji wa haraka angedhani kwamba mwanazuoni huyo aliacha taaluma moja akahamia nyingine. Makala haya yanashikilia kwamba swali lilibaki lilelile: ni nini kinachomfanya mtu atimize wajibu pale ambapo sheria iko mbali na msimamizi hayupo?

Benki zilizofungwa

Uganda ya miaka ya 1990 ililijibu swali hilo kwa hasara. Teefe Trust Bank ilifungwa mwaka 1993. Mwezi Septemba 1998 ikafuata International Credit Bank, na kabla ya mwaka 1999 kufika katikati, Greenland Bank na Cooperative Bank nazo zilikuwa zimefungwa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji James Ogoola ilipewa kazi ya kueleza yaliyotokea. Katika International Credit Bank na Greenland, mzizi wa tatizo ulijulikana: mikopo iliyotolewa kwa wamiliki, jamaa na kampuni zao wenyewe. Kisa cha Uganda Commercial Bank kilikuwa cha ajabu zaidi. Asilimia 49 ya hisa zake ziliuzwa kwa kampuni ya Westmont ya Malaysia, kisha ikabainika kuwa nyuma ya mnunuzi huyo alisimama Greenland. Benki hiyo ya umma ilirudi mikononi mwa serikali, na mwaka 2002 asilimia 80 ya hisa ziliuzwa kwa Stanbic.

Ifahamike kwamba bodi zilikuwapo. Wakaguzi walikuwapo, na sheria pia ilikuwapo, ijapokuwa ilikuwa dhaifu kuliko Sheria ya Taasisi za Fedha iliyotungwa mwaka 2004. Kilichokosekana ni mtu wa kukataa. Viti vya bodi vilikaliwa, lakini kwa maana ya Munene vilikuwa vitupu. Ni katika mazingira hayo ambapo Chuo cha Biashara cha Makerere, kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa kuunganisha Kitivo cha Biashara cha Makerere na chuo cha taifa cha biashara kilichokuwa Nakawa, kilianza kulea wanazuoni walioandika kuhusu bodi, maadili ya ununuzi wa umma na uaminifu. Haishangazi kwamba wengi wao walivutiwa zaidi na mwenendo wa watu kuliko hesabu za mizania.

Kufungwa kwa Cooperative Bank kuliumiza kwa namna yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na mkulima, ikiwa imezaliwa katika vuguvugu la ushirika lililoenea tangu enzi za ukoloni kupitia vyama kama kile cha kahawa cha Bugisu, kilichoundwa mwaka 1954. Mkulima aliyepoteza imani kwa benki hakupotoshwa na ujinga wa mambo ya fedha. Alijifunza kutokana na alichokiona. Wataalamu wa sera wanaopima elimu ya fedha kwa dodoso wangefaa kulikumbuka hilo kabla ya kuhesabu kutokuwa na akaunti kuwa upungufu wa maarifa.

Machela na akiba

Mkulima huyo, hata hivyo, hakuishi bila taasisi. Katika milima ya Kigezi na sehemu za Ankole, ambako njia nyingi hazikupitika kwa gari, kaya ziliungana katika vikundi vya engozi, yaani machela, ili kumbeba mgonjwa hadi hospitalini au maiti hadi nyumbani. Vingine vilijulikana kama bataka twezikye, jina linalokaribia kusema "wenyeji tuzikane". Asiyefika kubeba alitozwa faini. Faini na michango vilizaa mfuko, mfuko ukaanza kukopeshwa, na kwa hatua hizo chama cha kubeba wagonjwa kikawa chama cha kuweka na kukopa. Mjini Kampala wanawake walikuwa na nigiina, ambamo zawadi na fedha huzunguka kwa zamu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vikaingia vikundi vya kuweka na kukopa vya mtindo uliokuwa umeanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991.

Machela ina funzo ambalo si rahisi kulipata katika vitabu vya uongozi wa mashirika. Asiyekuwapo huonekana mara moja, kwa kuwa bega lake ndilo linalokosekana. Hakuna haja ya taarifa ya mkaguzi. Aidha, faini haitozwi na mgeni, hutozwa na yule ambaye kesho atabebwa na mtozwaji.

Hapa ndipo tafiti za Bongomin, Ntayi na Munene zinapopata uzito wake. Katika makala yao ya 2016 walichunguza mtaji wa kijamii, yaani kuaminiana, kufahamiana na kufungamana kwa watu, kama kiungo kati ya elimu ya fedha na kuzifikia huduma za fedha vijijini Uganda. Baadaye wakaugeukia mtandao wa jamaa na marafiki katika matumizi ya fedha za simu, huduma ambayo MTN iliianzisha Uganda mwezi Machi 2009, miaka miwili baada ya M-Pesa ya Kenya. Mchango wao ni kuonyesha kwamba teknolojia na mafunzo hupita katika mahusiano yaliyopo. Yapo mapungufu. Mtaji wa kijamii unapogeuzwa kuwa alama za dodoso, upande wake mchungu hufichika kwa urahisi: mjane asiye na mtu wa kumdhamini, mhamiaji asiyejulikana kijijini, maskini aliyeachwa nje ya machela kwa sababu hana mchango. Undugu unaofungua mlango kwa mmoja huufunga kwa mwingine, na katika Greenland undugu huohuo ndio ulioidhinisha mikopo.

Maneno yanayosafiri

Suala hili linawahusu pia wanaisimu. Istilahi zote tatu za uwanja huu ziliundwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kinazipokea wakati ambapo matumizi yake rasmi yanapanuka. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya 2005, inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikikubali kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021, na mwaka uliofuata Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni.

Tanzania husema "huduma jumuishi za fedha", ilhali kwingineko husikika "ujumuishaji wa kifedha" au "ujumuishwaji". Tofauti hizi si za mapambo. Ujumuishaji humweka mbele anayejumuisha, ujumuishwaji humfanya mwananchi kuwa mtendwa, na huduma jumuishi huipeleka sifa kwenye huduma yenyewe, hivyo huduma ndiyo inayopaswa kubadilika. Tafsiri ya mwisho inastahili kupendelewa. Kwa dhana ya Organ, tafsiri ya moja kwa moja ingeleta "uraia kazini", lakini neno raia liliingia katika Kiswahili likiwa na maana ya mtawaliwa, jambo lililo kinyume kabisa na hiari inayokusudiwa. "Kujituma" ni neno lililo hai tayari, na ndani yake mtumaji na mtumwa ni mtu mmoja.

Neno zito kuliko yote ni amana. Katika Kiswahili hilo hutaja kwa pamoja fedha iliyowekwa benki na kitu chochote alichokabidhiwa mtu akilinde, pamoja na wajibu wa kukirudisha. Kiingereza kimetenganisha mambo hayo. Mswahili anayesoma "amana" katika kitabu cha benki anaahidiwa zaidi ya kile ambacho mwanasheria wa benki alikusudia.

Jambo hili lina matokeo ya papo kwa papo. Tangu 2022 mpango wa maendeleo wa parokia nchini Uganda unapeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka katika kila moja ya parokia zaidi ya 10,000, kupitia vyama vya akiba na mikopo vya wenyeji. Mkopaji anaweza kupata hadi shilingi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Mipango iliyotangulia, kuanzia Entandikwa ya miaka ya 1990, iliingia katika fikra za wengi kama zawadi ya serikali, na marejesho yakaathirika. Katiba ya chama cha parokia inaweza kuiita fedha hiyo msaada, mkopo au amana ya wanaparokia wote. Kila neno kati ya hayo linamtaja mtu tofauti ambaye mkopaji atakutana naye njiani akiwa hajalipa.