Ngazi ya Pamba

Zagayu ni kata ya wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu, katika nchi iliyokuwa sehemu ya Bariadi na mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya ng'ombe, mtama na pamba, ile iitwayo dhahabu nyeupe. Msomaji wa visiwani aliyekulia penye karafuu hahitaji kufunzwa jinsi zao moja linavyoweza kumvisha mtoto sare ya shule, au kumvua.

Ngazi ya kwanza ya vijana wa nchi hiyo ilijengwa na ushirika. Wakulima walipochoshwa na mizani ya wanunuzi, Paul Bomani aliwaunganisha, na mwaka 1955 vyama vyao vikawa na shirikisho moja kubwa lenye makao Mwanza. Penye ushirika palihitajika karani, mpima mizani na mtunza hesabu. Mtoto wa mkulima akapata kazi ya kalamu bila ya kuhama nchi yake. Bomani mwenyewe akawa Waziri wa Fedha baada ya uhuru.

Ngazi hiyo ilikuwa nyembamba, na haikudumu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Vilirejeshwa katika miaka ya 1980, lakini mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na ushirika ukapoteza nguvu zake. Kila nyumba ikabaki kupanda peke yake.

Ikabaki shule. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa watoto wote. Katika miaka ya 2000 zikaenea sekondari za kata. Na mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne. Hizi si neema ndogo. Hata hivyo, mlango ulipofunguliwa, ukuta ulibaki ndani ya nyumba. Mtoto wa shule ya serikali husoma miaka ya msingi kwa Kiswahili, ambacho kwa wengi huko ni lugha ya pili baada ya Kisukuma. Afikapo kidato cha kwanza, hesabu na sayansi humgeukia kwa Kiingereza. Mtoto wa mwenye nacho mjini, aliyelipiwa shule ya Kiingereza tangu utotoni, hukutana na masomo mapya tu. Yule wa Zagayu hukutana na masomo mapya na lugha ngeni kwa siku moja. Mtihani huwapima wote wawili kwa kipimo kimoja, kisha matokeo huitwa akili.

Anayeshindwa hufuata njia ya Bariadi, au ya Mwanza. Huko huwa machinga, au huendesha bodaboda ya mtu mwingine na kumpelekea mwenyewe hesabu kila jioni. Mwaka 2018 machinga walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Mwaka 2021 wakaondolewa barabarani na kupangiwa maeneo mengine.

Kutwa nzima kijana huyo hunadi, hupatana bei na kutania kwa Kiswahili fasaha kuliko cha wengi waliomtangulia kidatoni. Lugha ile ile inayomlisha sokoni ndiyo iliyonyimwa nafasi darasani. Babu yake alidai mizani ya haki ya pamba. Mjukuu bado anaingoja mizani ya haki ya maneno.