Usambarensis: Safari ya Jina la Milima

Tulipokuwa sekondari tulikuwa na mchezo wa jioni za Jumamosi. Mmoja anataja herufi mbili tatu, wengine wanahangaika kutafuta neno refu kuliko yote la Kiingereza lenye herufi hizo. Tuliziogopa q na x, kwa sababu Kiswahili hakinazo na hatukuwa na pa kuanzia. Wakati huo sikujua kwamba milima ya Usambara ilikwisha kuingiza herufi zake katika maneno marefu kuliko yote tuliyoyataja.

Nililifahamu hilo miaka mingi baadaye, katika msitu wa Magamba juu ya Lushoto. Kijana aliyetuongoza aligusa shina la mkulo, mti mkubwa wenye harufu ya kafuri, kisha akaniandikia daftarini jina lake la vitabuni: Ocotea usambarensis. Usambarensis ni neno la herufi 12. Kwa asili ni Kilatini, ila msomaji wa vitabu vya misitu vya Kiingereza hulikuta kila mara, kwani limepewa pia miti mingine, ukiwamo Cephalosphaera usambarensis wa Usambara Mashariki.

Nililikata neno lile vipande vipande kama mwalimu wa sarufi. Mwanzoni ipo u-, kiambishi chetu cha nchi, kile kile cha Uganda na Ujerumani. Mwishoni ipo -ensis, ambayo kwa Kilatini hueleza kitu kinatoka wapi. Kwa hiyo neno hili linataja mahali mara mbili, kwa Kiswahili mbele na kwa Kilatini nyuma, na katikati wamebanwa watu.

Na watu hao hawajiiti hivyo. Wao ni Washambaa, lugha yao Kishambaa, nchi yao Shambaai. R haimo. Nchi hawaitengenezi kwa u- ya mwanzoni, wanaongeza -i mwishoni. Usambara ni jina kama lilivyosikika kwa wageni, na mmoja wa waliolitia wino mapema alikuwa mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyepanda milima hii mwaka 1848 hadi Vuga, mji wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, akarudi tena mwaka 1852. Mmisionari mwingine Mjerumani, Karl Roehl, alipotoa kitabu chake cha sarufi ya lugha hii mwaka 1911, aliandika Schambala: herufi tatu kwa sauti moja ya sh, na l ambayo leo wengi hawaitamki. Tayari zilikuwa tahajia mbili za watu wale wale, na wataalamu wa mimea wakashika ile ya r.

Wajerumani walileta pia maneno marefu yasiyo na herufi yoyote ya wenyeji. Lushoto waliiita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Mlalo, walipofika wamisionari wa Bethel mwaka 1891, ilipewa jina la Hohenfriedeberg, herufi 15. Majina hayo yaliondoka na waliokuja nayo. Mlalo ni Mlalo.

Lililodumu ni la ua. Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, na alijua Kiswahili kiasi cha kuchapisha kitabu cha kufundishia lugha hiyo mwaka 1890. Alikuta ua dogo la zambarau, lenye majani ya manyoya, likiota kivulini kwenye miamba, akampelekea baba yake Ujerumani mbegu. Baba akamwonyesha Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akaliita Saintpaulia ionantha. Ukoo wa bwana mkubwa ukawa jina la ua ambalo watu wa milimani walikuwa wakipishana nalo tangu zamani. Hilo linaniuma, nasema wazi, hasa kwa kuwa mtu huyu alikijua Kiswahili na hakukosa wa kumuuliza.

Wajerumani wa kawaida walituhurumia zaidi. Wao huliita Usambaraveilchen, herufi 16, nane za mwanzo zikiwa Usambara nzima bila kupunguzwa. Chungu cha ua hilo kikikaa dirishani Hamburg, jina la milima hii hutajwa kila linapomwagiliwa. Waingereza waliona Afrika inatosha, wakaliita urujuani wa Afrika. Waholanzi walipotea kabisa, wakalihesabu kuwa la Rasi, kule Afrika Kusini.

Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza ua hilo katika jenasi ya Streptocarpus, na ionantha ikageuka ionanthus. Mswahili hahitaji kufafanuliwa sana hapa. Sisi husema mti mkubwa, kitu kikubwa. Sifa hufuata ngeli ya jina. Kilatini nacho kina upatanisho, ila mabadiliko yako mkiani. Ndiyo maana kuna mti mwingine wa hapa uitwao Englerodendron usambarense: jenasi ni ya ngeli nyingine, basi -ensis imekuwa -ense.

Herufi huweza pia kupotea njiani. Huko Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe mwaka 1902, walipanda mikwinini, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza magome yake yalitoa dawa ya malaria kwa askari wao. Jina la kitaalamu la mti huo ni Cinchona, kutokana na cheo cha bibi mmoja, Kontesa wa Chinchón, Hispania. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliliandika mwaka 1742 akaiacha h ya kwanza, na haijarudishwa mpaka leo. Dunia nzima imezoea kosa hilo kama tulivyoizoea r ya Usambara.

Neno ninalolipenda kuliko yote haya lilikuja mwaka 2006. Colin Tilbury, Krystal Tolley na William Branch walikuwa wakipanga upya vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki, wakahitaji jina la jenasi mpya. Walichukua la Kiswahili, kinyonga, wakaongeza i moja tu: Kinyongia. Yule wa Usambara Magharibi, anayeonekana hata kwenye nyua za bustani za Lushoto, ni Kinyongia multituberculata, mwenye vinundu vingi. Mtaalamu wa wanyama Fritz Nieden alipomwandika mwaka 1913, sifa hiyo ilikuwa multituberculatus. Imeacha -us na kuvaa -a, kwa sababu jina inalolifuata sasa ni la Kiswahili, na Kilatini kimelazimika kupatana nalo.