Waliuza Mashamba, Wakabaki na Jina

Makomredi mnaosoma ubunifu, ujasiriamali na masoko, wacha niwaulize swali moja kabla mkimbie kwa kipindi. Notsi zenu zimejaa Kodak, Nokia, Apple na yule jamaa wa Tesla. Sawa. Kericho iko ukurasa gani?

Nauliza kwa sababu kuna watu wanasomea hii kozi wakiwa wamezungukwa na chai kila upande. Kapsoit iko hapo kwenye barabara ya kutoka Kericho kwenda Kisumu, na Chuo Kikuu cha Kabianga hakiko mbali. Chuo kilipata hati yake 2013, lakini pale Kabianga kumekuwa na shule tangu 1925. Shikilia huo mwaka, kwa sababu ni wakati uleule kampuni kubwa za chai zilikuwa zinaingia Kericho. Yaani darasa na shamba ni marika. Na bado komredi anamaliza miaka minne akijua jinsi Kodak ilivyoanguka, bila kujua jinsi chai iliyo nje ya dirisha la darasa ilivyofika hapo.

Na haikufika kwa amani. Kwanza kabisa, wazo la mwanzo halikuwa chai. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga kama ekari 25,000 hapa Kericho kwa maafisa wa Kiingereza waliolemaa vitani. Walipanga kulima kitani, ule mmea wa kutengeneza nguo za linen. Wakati wa vita kitani kilikuwa na bei ya ajabu, maana hata mabawa ya ndege yalivalishwa kitambaa chake. Wasee wakaona doo. Wakaanzisha kampuni 1919, wakapewa ardhi, wakapanda.

Vita ikaisha, bei ikaporomoka, kampuni ikafa. Kwa lugha ya siku hizi, startapu ya kwanza kubwa Kericho ilianguka kwa sababu ilijenga kila kitu juu ya bei ya msimu. Lakini angalia hii: wao walipofeli, ardhi haikurudi kwa Wakipsigis waliokuwa wakiishi na kulisha mifugo hapo. Iliuzwa kwa kampuni za chai. Kufeli kwa mwenye mtaji na kufeli kwa asiye na mtaji ni vitu viwili tofauti kabisa, na hiyo siyo mada utaipata kwenye mtihani.

Baadaye, 1934, ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, kule karibu na Ziwa Victoria. Kesi ya ardhi ya Kericho bado inazunguka: 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kuhusu jambo hili, na 2022 walalamishi wakapeleka malalamiko Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Nimeweka hii hapa makusudi. Mwalimu akiandika ubaoni "mtaji wa kuanzia", kwa Kericho mtaji wa kuanzia ulikuwa boma la mtu.

Sasa twende kwa masoko. Kampuni mbili zilizotawala ni James Finlay na Brooke Bond. Hii ya pili nataka tukae nayo kidogo. Ilianzishwa na Arthur Brooke, aliyefungua duka lake la chai Manchester, Uingereza, mwaka 1869. Na Bwana Bond je? Hakuna! Hajawahi kuwepo. Brooke aliongeza hilo neno kwa sababu jina lilisikika vizuri, kama ahadi kwa mteja. Manze, mtu alibuni mbia hewa, na huyo mbia hewa jina lake likakaa kwenye mabango Kericho kwa miaka na mikaka. Wazee wengine hadi leo wanasema mtu anafanya kazi "Bruku", ingawa Unilever ilinunua hiyo kampuni 1984.

Upande wetu, hadithi ilikuwa hivi: Mwafrika alikuwa anaruhusiwa kuchuma chai, siyo kuipanda. Hadi miaka ya 1950, mkulima mdogo alizuiwa kulima zao hilo. Sababu ilikuwa ati ataharibu ubora. Fikiria hiyo vizuri. Mtu anachuma majani mawili na kichipukizi kutoka asubuhi hadi jioni, anajua jani zuri kuliko meneja wake, halafu anaambiwa akipanda kwake ataharibu ubora. Huo ulikuwa ukuta wa soko, na ulijengwa na sheria.

Ukuta ulianza kupasuka na mpango wa Swynnerton wa 1954, uliofungua mazao ya biashara kwa wakulima Waafrika. 1960 ikaundwa mamlaka ya mazao maalumu, na 1964, baada ya uhuru, ikawa KTDA. Na hapa ndo nina bifu na jinsi ujasiriamali unavyofundishwa.

Tunaambiwa jiajiri. Kila kongamano la vijana, kila hotuba ya mahafali: msingoje kazi, tengenezeni kazi. Mjasiriamali anachorwa kama mtu mmoja, na laptopu, na ndoto, na usingizi kidogo. Lakini biashara kubwa zaidi ambayo wakulima wa kawaida wamewahi kujenga hii nchi haikujengwa hivyo. Mkulima wa ekari moja hawezi kujenga kiwanda. Na chai haingoji. Ukiichuma asubuhi inafaa kufika kiwandani siku hiyohiyo, la sivyo inaharibika. Kwa hivyo KTDA ilileta miche, ikaleta maafisa wa kilimo wa kufundisha, ikaweka vituo vya kununulia majani kijijini, lori likapita kukusanya, kiwanda kikajengwa kwa mikopo ya nje, ikiwemo ya Benki ya Dunia. Mkulima alilipwa kidogo kila mwezi, halafu malipo ya pili mwisho wa mwaka, ile bonasi inayofanya Oktoba iwe mwezi mtamu au mwezi wa matusi. Litein, Kapkatet, Momul, Tegat: hivyo vyote ni viwanda vya mpango huo. Mwaka 2000 KTDA iligeuzwa kampuni inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao, na leo wako zaidi ya laki sita.

Huo ndio ubunifu. Hakuna mashine mpya hapo, ni mpangilio tu: nani analeta nini, analipwa lini, hatari inabebwa na nani. Ada za makomredi wengi wa Bomet na Kericho zimetoka kwenye huo mpangilio, gunia kwa gunia. Halafu tunakaa darasani kusoma kwamba ujasiriamali ni roho ya mtu binafsi. Kwani bonasi iliyokulipia fomu ilitoka kwa roho ya nani?

Lakini sitaki kupaka KTDA asali. Wakulima wa huku magharibi ya Bonde la Ufa wamelalamika miaka mingi kwamba wanalipwa chini kuliko wenzao wa mashariki, na kuna mambo ya uongozi ambayo hata sheria ya chai ya 2020 haijayamaliza. Pia kuna tatizo la zamani kuliko hayo yote: tulijifunza kulima na kusindika, hatukujifunza kuuza.

Kenya ni kati ya wauzaji wakubwa kabisa wa chai nyeusi duniani. Sehemu kubwa huenda ikiwa kwa mifuko mikubwa, haina jina. Inapitia mnada wa Mombasa, unaofanywa kila wiki kwa dola, halafu inachanganywa na chai za nchi nyingine, kisha inatoka na boksi la rangi na jina la mtu mwingine. Chai ya Kericho inasifiwa kwa rangi na nguvu yake. Wachanganyaji wanaipenda kwa sababu inaamsha zile zingine. Ni kama kuwa mwandishi wa nyimbo za wasanii wote wakubwa na hakuna anayekujua.

Tumejaribu, ni kweli. Ketepa iko hapo Kericho tangu miaka ya 1970, na Fahari ya Kenya iko karibu kila jikoni. Lakini mwenye kufaidi jina la mji wetu kimataifa zaidi labda ni Kericho Gold, na hiyo ni brendi ya kampuni ya Mombasa. Siwalaumu hata kidogo. Waliona jina limelala, wakaliokota, wakalivalisha boksi zuri. Hiyo ni kazi ya masoko safi kabisa. Swali langu ni kwa sisi tuliolala juu ya jina.

Na usidhani shida ni kukosa ubunifu. Kituo cha utafiti wa chai kiko hapahapa Kericho, na 2011 watafiti wake walitoa aina ya chai ya zambarau, TRFK 306, baada ya miaka kama 25 ya kazi. Majani yake yana rangi ya zambarau kwa sababu ya anthosiani, zilezile kemikali za rangi zilizo kwenye zabibu nyeusi. Wakulima waliahidiwa bei nzuri. Wakang'oa au wakatenga sehemu, wakapanda. Mavuno yakaja, na wengi wakakuta hakuna laini tofauti ya kuisindika wala mnunuzi wa kuilipia, majani yao yakachanganywa na ya kijani na kulipwa bei ya kijani. Mnaosoma Kodak mnajua mhandisi wake alitengeneza kamera ya dijitali 1975 na kampuni ikakosa kuiuza. Basi hii ndo Kodak yenu, na inaota kwa shamba la shosho.

Kuna ubunifu mwingine ambao huwa hausifiwi kwa makongamano: mashine za kuchuma chai. Mashine moja inafanya kazi ya wachumaji wengi. Mei 2023 watu walichoma mashine kama hizo kwenye mashamba makubwa ya Kericho. Katika kitabu cha kozi, hao ni watu "wanaopinga mabadiliko". Mimi naona watu waliopiga hesabu haraka kuliko mwandishi wa kitabu. Akiba ya mashine iliingia kwa mwenye shamba. Hasara ikabaki kwa mchumaji na kwa mama wa kibanda aliyekuwa anamuuzia chapati.

Sasa somo lenyewe, na hili naomba mlijadili darasani kabla ya Nokia. Mwaka 2022 Unilever iliuza biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC kwa yuro bilioni 4.5. Ndani ya hilo furushi kulikuwa na mashamba ya Kericho na majina kama Lipton na PG Tips. Kampuni ikabatizwa Lipton Teas and Infusions. Halafu 2024 hao wamiliki wapya wakatangaza wanauza mashamba ya Kenya kwa Browns ya Sri Lanka, ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imetangaza kuchukua yale ya Finlay.

Soma tena polepole. Waliuza ardhi ile iliyogombaniwa kwa miaka mia, viwanda, miti ya chai, nyumba za wafanyakazi. Jina Lipton hawakuuza. Thomas Lipton mwenyewe, muuza vyakula wa Glasgow aliyeingia kwa chai mwishoni mwa karne ya 19, amekufa tangu 1931, na jina lake bado ndilo mali waliyoamua kubaki nayo.

Katika mauzo ya Finlay ilitangazwa kwamba asilimia 15 ya hisa ingewekwa kando kwa ushirika wa wenyeji. Asilimia 15 ya mashamba, siyo ya jina lolote. Kama kuna komredi Kabianga anatafuta mada ya mradi wa mwaka wa nne, aanzie hapo: nani atakaa kwenye huo ushirika, na chai yake itatoka kwa boksi limeandikwa nini.